Sedani yenye turbo hapa Tabora: inakula nini na inakupa nini

Wakuu, tangu niwe na hii Subaru Legacy B4 yenye turbo watu wananiuliza maswali matatu yale yale, mafuta vipi, spea vipi, na la tatu, ambalo mtu analitoa akishasogea karibu na dirisha, "inakimbia kweli?" Nimeona niyajibu yote sehemu moja, maana majibu ya kijiweni ni ya mkato sana, mmoja atakwambia turbo ni balaa usiguse kabisa, mwingine atakwambia ni gari kama gari zingine weka oili endesha, na ukimsikiliza yeyote kati yao utaumia. Mimi nimekaa nayo miaka kadhaa sasa, naipenda kweli, na najua inachukua hela yangu sehemu gani.

Msimamo wangu nauweka kabisa hapa juu. Kama maisha yako ni barabara kuu, safari ndefu, milima na malori, sedani ya turbo inarudisha hela yako kwa namna ambayo gari ya kawaida haiwezi. Kama maisha yako ni Ipuli kwenda mjini, mjini kwenda Kanyenye, jioni nyumbani, basi chukua gari hiyo hiyo isiyo na turbo, ipo, na utalala vizuri.

Mimi nasambaza pembejeo, mbegu na dawa za mashamba. Mzigo unaenda na Fuso, mimi natangulia au nafuatia, kwahiyo Nzega, Igunga, Singida mpaka Dodoma ndo ofisi yangu, na msimu ukianza naongeza Sikonge na Urambo. Kabla ya hapo nilikuwa na Premio ya cc 1800, gari nzuri sana na sina neno baya juu yake, hata hesabu zangu nyingi huko chini nazilinganisha nayo.

Gari yenyewe ni ya 2005, ile 2.0GT, nimeichukua mkononi ikiwa namba D. Injini ni cc 1994, silinda 4 zimelala mbili kulia mbili kushoto, otomatiki ya gia 5, na huko Japani waliiandika nguvu ya farasi 260, ile ya gia za mkono ndo 280. Hiyo 280 utaikuta kwenye gari nyingi za Japani za miaka ile na haikuja kwa bahati, watengenezaji wa kule walikubaliana mwaka 1989 kwamba hakuna atakayetangaza gari ya kuzidi hapo, na makubaliano hayo yakaja kufa 2004. Hata hiyo cc 1994 ina sababu yake, kwao kodi ya gari ya kila mwaka inapangwa kwa cc, ukivuka 2000 unapanda daraja, sasa wakaona bora injini ibaki ndogo alafu waisukumie hewa. Na sisi huku tunakula matunda ya jambo lile lile, maana ushuru wa bidhaa wa TRA kwa gari ya kuzidi cc 1000 mpaka 2000 ni asilimia 5, ukizidi 2000 ni asilimia 10, yani unapata nguvu ya injini ya cc 3000 ukiwa kwenye daraja la Premio. Ila ukiagiza mwenyewe leo kuna ushuru wa uchakavu, gari iliyozidi miaka 10 ni asilimia 30, na hizi zote zimeshavuka umri huo, juu yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Ndo maana nilitafuta iliyopo hapa hapa nchini, na ningekushauri hivyo hivyo.

Kwa asiyejua turbo inafanya nini hasa: ule moshi unaotoka kwenye injini badala ya kwenda bure kwenye ekzosi unazungusha panga dogo, panga hilo limeunganishwa kwa shafti na panga jingine upande wa pili, na hilo la pili linavuta hewa ya nje na kuishindilia kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi mafuta nayo yanaingia mengi, nguvu inapatikana. Shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja kuna moshi wenye joto la kuzidi nyuzi 800 ukiwa umeikanyaga, na kinachoilinda hasa ni utando mwembamba wa oili. Ukishalielewa hilo utaelewa bili zote zinazokuja huko chini.

Sasa raha yake. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho hicho kwasababu inavuta hewa iliyopo tu, haina ujanja mwingine. Turbo inaongeza kuzunguka na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Hili jambo watu wa kanda yetu hatulizungumzi kabisa wakati ndo hoja kubwa ya turbo kwetu kuliko hata hizo farasi za kwenye karatasi.

Ukitaka kuliona vizuri nenda Sekenke. Unatoka Igunga, unavuka tambarare ya Wembere, unapita Shelui, alafu mlima unaanza na malori nayo yanaanza, semi zimepakia mpaka mwisho zinapanda taratibu taa za hazadi zinawaka, tatu nne zimefuatana. Na Premio nilikuwa nasubiri kipande kilichonyooka, nakanyaga mpaka mwisho, injini inalia, gia inarudi, na bado nikiwa sambamba na kichwa cha lori nahesabu pumzi maana sijui nani anashuka kule mbele. Na hii nasubiri kipande kile kile, sina haraka ya ziada, ila nikishaona njia ni nyeupe naikanyaga nusu tu, sindano ikipita mzunguko wa 2,000 na kidogo unasikia mgongo umeshikwa na kiti, na lori limeshabaki nyuma, narudi upande wangu nikiwa na nafasi. Muda ninaokaa upande usio wangu umepungua sana. Kwangu mimi hiyo ndo pafomansi, na ndo kitu cha kwanza ninacholipia kwenye hii gari.

Spidi yenyewe ya juu haina kazi hapa. Kila kijiji kina kibao cha 50, tochi zipo, na faini ni 30,000 kila ukinaswa, na hata bila tochi kuna ng'ombe, kuna watoto wanaotoka shule, kuna baiskeli zimebeba mkaa. Anayenunua turbo ili aifikishe 180 kati ya Nzega na Igunga, nyumbani wanamhitaji zaidi ya anavyofikiria.

Mafuta sasa. Mjini Tabora naipata kilomita 7 na nusu kwa lita, ukiwa na mguu mzito inashuka chini ya hapo. Safari, nikitembea 90 mpaka 100 bila kuikamia, inafika 10, siku nzuri 11. Premio ilikuwa inanipa 12 na nusu kwa mchanganyiko. Tuweke lita shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, ingawa bei za EWURA zinabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na sisi wa bara tunalipia na nauli ya mafuta yenyewe kutoka bandarini, ndugu zetu wa Kigoma wanalijua hilo zaidi yetu. Kwa kilomita 15,000 za mwaka, turbo kwa wastani wa 9 ni lita 1,667, milioni 5. Premio ni lita 1,200, milioni 3 na laki 6. Tofauti ni milioni 1 na laki 4 kwa mwaka. Anayeishia mjini tu kwa 7 na nusu atachoma milioni 6 kwa kilomita zile zile na hatapanda hata mlima mmoja, hapo ndo nasema haimfai.

Alafu kuna suala la oktani, yani uwezo wa petroli kushindiliwa bila kulipuka ovyo, ambalo wauzaji hawakwambii. Kifuniko cha tenki cha hizi gari kina maandishi ya kijapani yanayotaka petroli ya premium, na premium ya kwao ni oktani kama 100 wakati ya kawaida ni 90 hivi. Sisi huku unachoulizwa pale sheli ni petroli au dizeli. Injini ina sensa ya kusikia mlipuko huo wa ovyo ndani ya silinda, ikiusikia kontroboksi, ile kompyuta ya injini, inachelewesha cheche ili kuilinda, kwahiyo gari inaenda vizuri tu ila zile farasi 260 zote hauzipati, na ukiwa unapenda kuikanyaga mpaka chini ikiwa gia kubwa na mzunguko mdogo unaipa kazi ya kujilinda kila mara. Mimi mlimani nairudisha gia mwenyewe. Na petroli ya kwenye vidumu na chupa kando ya barabara huko vijijini siiweki kabisa, najaza Tabora, najaza Singida, basi.

Oili ndo moyo wa habari yote hii. Nabadilisha kila kilomita 5,000, sintetiki kamili 5W-30, lita 4 na kidogo pamoja na filta yake, na kwangu huwa inakuja kama laki moja na nusu wakati Premio nilikuwa natoka na elfu 70 au 80. Katikati ya hapo kila nikijaza mafuta ya safari nachomoa stiki naangalia, maana hizi injini zilizolala zina tabia ya kunywa oili kidogo kidogo na hazikwambii. Ukinunua kwa muuzaji usiyemjua unaweza kubeba oili feki kwenye dumu zuri kabisa, kwahiyo nina duka moja tu, na dumu likiisha natoboa kabla ya kulitupa lisije likajazwa tena na mtu.

Siku ya sevisi ya kwanza baada ya kuinunua nilimwambia fundi wangu asiishie kwenye filta. Bomba linalopeleka oili kwenye turbo limefungwa kwa boliti lenye tundu katikati, na ndani ya boliti lile kuna kichujio kidogo cha wavu, mafundi wengi hawajui hata kama kipo. Akalifungua taratibu kwa sababu sehemu yenyewe ni finyu, akalipangusa, akaliinua juani. Wavu ulikuwa umejaa kitu cheusi kama lami, mwanga ulikuwa unapita upande mmoja tu. Akachota kidogo kwa ncha ya bisibisi akakisugua kati ya vidole viwili, akanipa na mimi nikisugue, kina chengachenga. "Bosi, hii ndo inaua turbo, alafu watu wanalaumu turbo." Tulisafisha bomba, tukaweka boliti jipya na washa zake mpya, hela ndogo sana ukilinganisha na turbo used ambayo nilishaulizia bei, laki 8 mpaka milioni na zaidi kutegemea na hali, bila ufundi. Mwenye gari kabla yangu angeendelea hivyo hivyo kidogo tu, turbo ingekufa.

Na joto. Ukitoka kuipandisha mlima alafu ukazima injini ghafla, oili inasimama ndani ya turbo iliyo moto, inaungua, inageuka masizi yale yale niliyoyasugua kidoleni. Kwahiyo nikikaribia kituo, tuseme nimetoka Sekenke naingia Misigiri kula, kilomita za mwisho natembea polepole, nikisimama naiacha inaunguruma dakika moja au mbili ndo nazima. Abiria huwa wanashangaa mbona haujazima, nawaambia tusubiri kidogo. Haigharimu chochote.

Vumbi la kiangazi chetu nalo mnalijua. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba barabara za kuingia vijijini ni unga mtupu, na panga la turbo linalozunguka kwa kasi ile likipigwa na mchanga linalika. Filta ya hewa naikung'uta mara kwa mara na kuibadili mapema, na hozi zote za hewa nazikagua kwa mkono nazizungusha nione kama kuna mpasuko upande wa chini, maana hewa ikiingilia baada ya filta ndo imeingia na vumbi lake.

Hizo hozi zilinifundisha jambo jingine. Kuna kipindi gari ilipoteza nguvu ghafla nikiwa safarini, ukikanyaga unasikia sauti ya pumzi inavuja na moshi mweusi nyuma, nikaingia gereji ya mji wa watu, fundi wa pale hata bonneti hakuifungua vizuri akasema turbo imekufa, anayo nyingine, milioni moja na laki mbili na ufundi juu. Nikamshukuru, nikaiendesha taratibu bila kuikanyaga mpaka kwa fundi wangu. Ilikuwa hozi inayounganisha na intakula, kile kipoza hewa ya turbo, imechomoka nusu, klipu imelegea. Klipu mpya elfu kadhaa na kazi ya dakika chache. Kwahiyo kwenye gharama za turbo weka na hii, kumpata fundi anayeijua, na ukimpata mtunze, mlipe vizuri, maana ujuzi wake unakuokoa hela nyingi kuliko punguzo lolote la spea.

Matairi watu wanayasahau. Hii inatumia 215/45 rimu 17, hapa mjini mara nyingi hayapo, unaagiza, na kwangu yalifika laki mbili kila moja. Ubavu wake ni mwembamba, shimo moja tu ukiingia vibaya rimu inapinda. Na kwakuwa gari inavuta miguu yote minne, matairi yanatakiwa yalingane, hauwezi kuweka jipya moja na matatu yaliyokwisha alafu ukategemea mfumo wa kugawa nguvu ubaki salama. Likipasuka moja na mengine yameshaliwa sana, jiandae kwa manne.

Taimingi belti Japani wanasema kilomita 100,000. Mimi siamini kilomita za dashibodi ya gari ya mkononi, kwahiyo niliibadilisha nilipoinunua tu, seti nzima na rola zake na wota pampu, ikanigharimu kama laki 6 pamoja na ufundi. Belti ikikatika kwenye injini hii valvu zinagongana na pistoni, hapo unazungumzia injini nyingine. Plagi 4 nazo zipo ubavuni karibu na chasisi, kuzifikia ni kazi, fundi atakutoza zaidi na ana haki.

Spea kwa ujumla ni Dar, Ilala na Kariakoo, unapiga simu, unatumiwa picha, inapandishwa basi, unaipokea stendi. Zinapatikana, tatizo ni kwamba gari inalala wakati unasubiri, na mwenye gari moja tu na kazi ya kila siku anatakiwa alipime hilo kabla. Za Toyota za kawaida unazipata hapa hapa mjini saa hiyo hiyo. Bima haiangalii turbo, ndogo ni 118,000 na kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari na VAT yake, sawa na mtu yeyote.

Ukienda kuangalia ya kununua nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Iwashe, iache iungurume kama dakika kumi, alafu ikanyage mtu mwingine akiwa nyuma anaangalia, moshi wa bluu ni oili inaungua, inaweza kuwa sili za turbo au ringi, vyote ni hela. Izime kwanza, fungua hozi ya kuingizia hewa ulishike panga kwa vidole, lizungushe, litikise, likigusa ukuta wa nyumba yake rudisha hozi na uage. Pima kompresheni silinda zote nne, hizi injini zina historia ya pistoni kuvunjika sehemu ya ringi, hasa zilizoongezewa busti, yani msukumo wa hewa ya turbo, na vijana. Na kama ni ya kabla ya 2003 ujue ile ina turbo mbili zinazopokezana, vihozi vya vakyumu vimejaa mle ndani kama utumbo, kwa mafundi tulionao huku mimi siwezi kukushauri. Wenye bajeti kubwa wanaangalia Crown ya 2015 kuja juu yenye cc 2000 ya turbo, ile ni cheni badala ya belti na unakwepa gharama hiyo, lakini oili na kuipoza havina tofauti.

Juzi shemeji yangu alikuja na hela yake mfukoni anataka B4 ya turbo kama hii. Nikamuuliza, shem, kwa mwezi unatembea wapi? Kazini ni mjini, nyumbani Ipuli, mara moja moja Sikonge kwa mama mkwe. Nikamwambia bodi hiyo hiyo, taa hizo hizo, ila bonneti haina ile pua ya kuvutia hewa, inaitwa 2.0i, farasi 140, haina turbo ya kuidekeza, hela inayobaki kwenye mafuta kila mwaka ni ada ya mtoto. Alinuna kidogo. Wiki hii tumempata mtu Shinyanga anayo ya 2006, Jumamosi tunaenda kuiona asubuhi, na fundi tunaenda naye.